Doa Mgongoni mwa Karata

"Hina yako hii!"

Bwana Morris, meneja wa Kasino ya Taa Saba, bado ameinua ile karata juu, vile vile kama tulivyomwacha wiki jana. Siku saba mkono hewani, maskini. Basi na aushushe tuendelee.

Akaushusha. Karata akaibwaga mezani, mgongo juu. Ilikuwa ree ya kopa, na ree katika mchezo wa ishirini na moja ndiyo karata inayotamaniwa kuliko zote. Pembeni mwa mgongo wake palikuwa na doa la kahawia, dogo kama punje ya dengu.

Akachukua ya pili. Ree ya shupaza. Doa.

Akachukua ya tatu. Mzungu, ile karata ya picha ya mfalme, mwenye taji na ndevu zake. Doa.

Ree zote zina doa. Wazungu wote wana doa. Karata ndogo ndogo, zile mbili na tatu na tano zisizo na faida, safi kabisa.

"Yule mteja wa miwani myeusi alikuwa anazisoma karata zako kwa mgongo," Morris alisema. "Siku tatu anashinda. Leo namwita tuzungumze, anakimbia kwa mlango wa jikoni. Na wewe ndiye mgawa karata. Haya, tuonyeshe mikono."

Mejumaa hakuwa na haja ya kuionyesha. Ilikuwa juu ya kitambaa cha kijani, imekibana kwa hasira. Hina ilimpanda kutoka kuchani hadi viwikoni, maua na majani, kwa sababu Ijumaa mdogo wake Mirriam anaolewa. Na rangi ya yale maua na rangi ya lile doa ni moja.

"Hina hii nimepakwa juzi," Mejumaa alisema. "Imeshakauka, imeshaoshwa, imeshashika. Haiwezi kuhamia kwenye karata."

"Imehamia!"

"Bwana Morris, usinipigie kelele."

"Nitapiga! Mwizi ananiambia nisipige kelele?"

Neno lile. Miaka minne Mejumaa alisimama nyuma ya meza ile. Amegawia walevi, amegawia mabaharia, amegawia watu wanaolia wakimlaumu yeye kwa ujinga wao. Hajachukua hata kibiriti cha mtu. Leo, saa nane mchana, mbele ya wafagiaji na wapishi waliokuja kuchungulia, anaitwa mwizi.

"Rudia," alisema polepole.

"Mwizi."

Mejumaa akaisukuma meza. Ile meza ni nzito, hubebwa na wanaume wanne. Siku hiyo ilisogea.

Morris akarudi nyuma hatua mbili, halafu akakumbuka yeye ndiye meneja. Akatoa karatasi mfukoni mwa koti. Tayari ilikuwa imeandikwa.

"Tia sahihi. Unakubali umeweka alama. Tukimaliza, unaenda zako, kila mtu na maisha yake. Ukikataa, Sajini anaingia sasa hivi na unalala ndani."

Tazameni mtego ule, wasomaji wangu. Akitia sahihi, ni mwizi kwa karatasi, na karatasi haifi. Akikataa, Ijumaa mdogo wake ataolewa huku dada yuko rumande. Na lililo baya zaidi, Mji wa Kale hakuna aliyejua kwamba Mejumaa hufanya kazi kasino! Nyumbani kwao, mtaa wa Kuze, alisema yuko hoteli, anapokea wageni. Shangazi yake Bi Raihana, aliyewalea yeye na Mirriam tangu wazazi wao kufariki, humwombea dua kila alfajiri apandishwe cheo katika hoteli isiyokuwapo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeijua siri ile. Tsofa, dereva wa kasino. Yeye ndiye aliyemtafutia Mejumaa kazi. Yeye ndiye aliyemshusha kila jioni mbali kidogo na nyumbani, wasionekane. Na Ijumaa, Tsofa ndiye bwana arusi wa Mirriam.

Mlango ukafunguliwa. Sajini Janet akaingia, mwanamke mfupi mwenye viatu vizito, kofia ameiweka kwapani.

"Ni nani?"

"Huyu," Morris alisema.

"Nina haki ya kupiga simu," Mejumaa alisema.

Sajini akamtazama. "Moja. Weka sauti ya wazi, sote tusikie."

Akampigia Tsofa.

"Shemeji, nisaidie! Wanasema nimeweka alama kwenye karata kwa hina. Wataka kunipeleka kituoni."

Injini ya gari ilisikika, na honi za barabara ya Mwembe Tayari.

"Shemeji," Tsofa alisema kwa sauti ya chini, "we kubali tu. Tia sahihi waishe. Watakufukuza, basi. Kazi nitakutafutia nyingine."

"Nikubali wizi?"

"Si wizi, useme ni bahati mbaya. Hina imechuja. Arusi ni Ijumaa, shemeji, tusiharibu."

Mejumaa alitaka kumjibu, lakini alitanguliwa. Kutoka kwenye ile simu ikaja sauti nyingine, ya kike, ya kizee, kali kama pilipili iliyosagwa sasa hivi.

"Hina ya nani imechuja?"

Mejumaa aliijua sauti ile mara moja. Shangazi.

"Nauliza, hina ya nani? Hina nimepaka mimi! Na karata gani hizo? Tsofa, huyo mwana yuko wapi?"

"Shangazi, tuwahi kwanza sokoni tukachukue..."

"Soko halina miguu, halitokimbia. Geuza gari!"

Ndivyo ilivyokuwa. Bwana arusi mtarajiwa alikuwa amembeba Bi Raihana kwenda kununua viungo vya pilau ya Ijumaa, na simu ameitundika pale mbele, sauti wazi, kama madereva wote wenye madaha.

Dakika kumi zikapita. Morris alimaliza nusu ya kucha zake kwa meno. Halafu mlango ukasukumwa na buibui likaingia kasino.

Bi Raihana alisimama akatazama huku na huku. Akatazama mashine za kamari zenye picha za matunda. Akatazama chupa nyuma ya kaunta. Akatazama kitambaa cha kijani, na mwana wake aliyesimama nyuma ya meza amevaa tai kama mwanamume.

"Hii ndiyo hoteli?"

"Shangazi, nisamehe..."

"Nimeuliza hii ndiyo hoteli? Vitanda viko wapi?"

Mpishi mmoja alicheka. Bi Raihana akamtazama, naye akakumbuka ana sufuria motoni.

"Wewe na mimi tutazungumza nyumbani," alimwambia Mejumaa, na kila neno lilikuwa kofi. "Nitakuuliza, na utanijibu, na utalia. Miaka minne nakuombea dua kwa anwani ya uongo! Lakini hilo ni la nyumbani. Hapa nimeambiwa hina yangu imechuja. Yuwapi aliyesema?"

Morris akajitokeza, kifua mbele. "Ni mimi. Mama, hii ni mambo ya ofisi, tafadhali..."

"Asalaam aleikum."

"Eeh, habari."

"Kwenu hamsalimiani? Haya. Nani mkubwa hapa, wewe au huyu binti wa serikali?"

"Mimi ndiye ninayefanya uchunguzi, mama," Sajini Janet alisema. "Na nina dakika chache. Kama una jambo, liseme."

Bi Raihana akavuta kiti cha wacheza kamari, akakifuta kwa ncha ya buibui mara tatu, akaketi kama anayekalia kaa la moto. Akafungua mkoba. Akatoa koni ya hina, ile ya nailoni iliyokunjwa na kufungwa, iliyojaa tope la kijani. Harufu ya mkaratusi ikaenea meza nzima.

"Binti yangu, nipe karata moja isiyo na doa."

Sajini akampa mbili ya uru. Bi Raihana akaminya koni, akatia tone mgongoni mwa karata. Halafu akamgeukia Morris.

"Na wewe lete kidole gumba."

"Nini?"

"Kidole. Au waogopa?"

"Mimi siogopi chochote," Morris alisema, akanyoosha kidole. Bwana yule! Ujanja wote wa kuandika hati za watu, na mtego huo hakuuona. Tone likaketi kwenye ukucha wake, nono.

"Sasa tunangoja robo saa."

"Tunangoja nini? Sajini, huyu mama anapoteza wakati wetu!"

"Ngoja," Sajini alisema.

Wakangoja. Tsofa alisimama karibu na mlango, funguo za gari mkono wa kulia, mkono wa kushoto mfukoni.

"Gari nimeliacha vibaya," alisema. "Niliondoe nirudi."

"Likae," Sajini alisema bila kumtazama. "Anayesimamisha watu kwa maegesho ni mimi."

Mejumaa alimtazama shemejiye. Maneno yale yalikuwa bado yanamkwaruza masikioni. *We kubali tu.* Mtu anayejua kuwa huna kosa anakwambia ukubali?

Robo saa ikatimia. Bi Raihana alichukua kitambaa cha kufutia glasi, akakichovya maji, akaanza kwa kuifuta ile karata. Mara moja tu. Akaiinua.

Nyeupe! Safi! Hata kivuli cha hina hakipo.

"Karata zenu ni plastiki," alisema. "Hina haishiki plastiki. Hina twaitia ndani ya plastiki! Bi arusi akilala na hina mbichi twamvika mifuko ya nailoni mikononi, shuka zisiharibike. Kila mwanamke wa Kuze ajua hilo, hata aliye na miaka saba. Wanaume hamjui, kwa sababu nyinyi mwaiona hina ikishashika, mkaja kusifu."

Akamfuta Morris kidole. Akafuta, akafuta tena, akatia na sabuni ya mkono iliyoletwa na mfagiaji. Ukucha wa meneja ukabaki rangi ya chungwa, unang'aa.

"Mama! Hii itatoka lini?"

"Ngozi, wiki mbili. Ukucha ni mpaka umee mwingine. Mkeo akiuliza, mwambie ulikuwa kazini."

Wafagiaji wakaangua kicheko. Hata Sajini alijifanya anakohoa. Morris alikuwa mwekundu kuliko ree ya kopa.

"Hiyo haina maana!" alipaza sauti. "Doa liko! Kama si hina ni nini?"

"Hapo ndipo umeuliza swali la mtu mzima. Nipe hiyo yenye doa."

Akaifuta kwa kitambaa kile kile. Doa halikutoka. Akalisugua. Halikutoka. Akaweka ukucha wake pembeni, akakwangua, na gamba dogo likaruka, gumu, la kahawia, linang'aa. Akalinusa.

Akanyamaza.

Watu wanaomjua Bi Raihana wanasema akipiga kelele mtu asihofu. Ahofu akinyamaza.

"Vanishi," alisema.

"Vanishi ya mbao?" Sajini akaichukua karata, naye akanusa. "Kweli."

"Jana nimekwenda kutazama kitanda cha arusi," Bi Raihana aliendelea, macho yake kwenye gamba lile. "Kitanda kizuri, cha mvule, kiko kwa bwana arusi, bado anakipaka mwenyewe. Harufu hii imenilalia puani usiku kucha." Akainua uso. "Bwana Morris, karata hizi zikichafuka mwazitupa?"

"Hapana. Ni ghali. Tunaziosha kila Jumamosi kwa sabuni."

"Waziosha wewe?"

"Mimi meneja! Dereva anazichukua na gari, anaziosha kwake, anazipanga, anazirudisha kwa kabati."

Ukumbi mzima ukageuka mlangoni.

Tsofa alicheka kicheko kikavu. "Shangazi, vanishi iko kila duka. Kila fundi ana vanishi."

"Kweli, mwanangu," Bi Raihana alisema kwa upole, na upole ule ulimtia Mejumaa baridi ya mgongo. "Huo mkono umeuweka mfukoni tangu asubuhi. Ulinambia umejikata na patasi."

"Nimejikata, ndiyo. Kidole hiki."

"Umeendesha gari kwa mkono mmoja mpaka moyo ukanipanda. Ndoo hapa, sogea, nikufunge upya. Kitambaa kimelegea."

"Haina haja."

"Bwana arusi mwenye kidonda! Watu watasema nini? Lete."

"Nimesema haina haja!"

Mejumaa hakungoja. Alipita chini ya kamba ya meza, akavuka ukumbi, akaukamata mkono wa shemejiye akauchomoa mfukoni kwa nguvu zile zile zilizosogeza meza. Tsofa alijaribu kuponyoka, lakini Sajini Janet alikuwa ameshamziba mlango kwa viatu vyake vizito. Kitambaa kikafunguka, kikaanguka sakafuni.

Hakukuwa na jeraha. Hakukuwa hata na mkwaruzo.

Kulikuwa na kidole cha shahada, ncha yake na ukucha wake, rangi ya chungwa.

"Ulijaribu hina kwanza," Mejumaa alisema. "Ukaipaka kwenye karata ili wakiziona waseme ni mimi. Karata zikaikataa, kidole chako kikaikubali. Ndipo ukachovya kwenye vanishi ya kitanda cha mdogo wangu!"

"Shemeji, sikiza..."

"Usiniite shemeji!"

Kofi lile lilisikika mpaka jikoni. Sajini aliangalia dari, kama mtu anayehesabu taa.

Tsofa alishika shavu. Halafu, mtaamini? Akatabasamu.

"Mimi ni bwana arusi," alisema. "Bwana arusi hutiwa hina. Kuna kosa gani? Sajini, hiyo ni mila yao."

"Ni mila," Bi Raihana alikubali. "Bwana arusi hutiwa kidogo, mkesha wa arusi, yaani Alhamisi. Na anayemtia ni mimi. Leo ni Jumanne, na hina yako iko kwenye friza yangu, nimeifunga kwa uzi mwekundu. Nyingine ilipotea Jumamosi. Nikamlaumu jirani yangu, masikini ya Mungu, na siku tatu hatusemeshani. Uliingia kwenye friza yangu, we Tsofa? Nyumba iliyokukaribisha chakula?"

Morris alikuwa ameshaikunja ile karatasi ya kukubali makosa, anaitafutia mfuko wa kuificha. Mejumaa alimwona.

"Hiyo nipe mimi."

"Mejumaa, ilikuwa tu ni utaratibu..."

"Nipe."

Akampa. Akaichana mara nne, akamwekea vipande kiganjani, juu ya kile kidole gumba cha chungwa.

"Sasa lirudie lile neno," alimwambia.

Morris akavifumbata vile vipande, akarudi nyuma hatua mbili.

Sajini Janet akatoa pingu. Kwa mara ya kwanza tangu aitwe mwizi, Mejumaa alivuta pumzi iliyofika tumboni. Jina lake limerudi. Shangazi anajua, na nyumbani kutakuwa na moto, lakini moto wa nyumbani mtu huuzima kwa machozi na chai. Amenusurika.

Hivyo ndivyo alivyodhani.

"Mtanifunga," Tsofa alisema, mikono mbele, bado na lile tabasamu. "Sawa. Karata ni mimi. Yule wa miwani ni mwenzangu, mtamtafuta wenyewe. Lakini friza yako, Shangazi, sijawahi kuifungua. Naapa. Ile koni nilipewa mkononi."

"Mwongo! Na nani?"

Kabla ya jibu, simu yake ililia mfukoni.

Sajini akaitoa. Akasoma kioo. Akasoma tena. "Imeandikwa *Mke Wangu*."

"Ni Mirriam," Bi Raihana alisema. "Masikini mwanangu, hajui lolote. Usimwambie kwa simu, binti, nitamwambia mwenyewe."

Lakini kidole cha Sajini kilikuwa kimeshabonyeza. Na mkono wa pili ukaweka sauti ya wazi.

Ile sauti Mejumaa aliijua tangu ilipokuwa inalilia maziwa. Alikuwa ameibeba mgongoni, ameisomesha kwa mshahara wa meza hii hii. Ilikuja tamu, yenye haraka, kama ya mtu anayeuliza kama mkate umefika.

"Tsofa? Mbona wanyamaza? Niambie, Dada ameshatia sahihi?"